Kombe Lililopakwa Vanishi

Tingi, Kilwa
14 Oktoba 2024

Shoga yangu Fortunata,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yako. Leo nageuza. Hofu iko huku kwangu, wewe naomba tu uwe mzima.

Mimba imetoka. Ya pili hii, na mwezi ni uleule wa tano. Nassibu, mume wangu, alikuwa lindoni kwake Songo Songo, na alipopata boti ya kumleta kila kitu kilikuwa kimeshazikwa nyuma ya mkorosho. Alikwenda kuketi chini ya mkorosho mpaka jua likazama. Mama yake amesema ya kututosha sote.

Usishangae barua katika zama hizi. Simu ya nyumba hii anaishika mama mkwe, na tangu iingie maji haiongei ila kwa spika. Ukinipa pole wewe, mtaa mzima utaitikia. Hussen, yule mtoto wa shangazi yangu, sasa ni konda wa basi la Lindi. Atakupa hii stendi, pamoja na kifurushi.

Ndani ya kanga mna sahani. Ni kombe la mwisho aliloandika mama, aya za Qurani kwa zafarani. Nilipopoteza mimba ya kwanza alikuwa keshalala kitandani, mkono umebaki mfupa, lakini aliomba zafarani na kalamu yake, akatawadha kwa shida, akaandika. Aliniambia: "Hili la tumbo lako. Ukishika mimba tena, ikikaribia mwezi wa tano, lioshe kwa marashi ulinywe." Kisha akafa, Mungu amrehemu.

Nami nikashika mimba tena, na sikulinywa. Niliona nikiliosha nimeufuta mkono wa mama duniani. Nikaandika kombe la mkono wangu mwenyewe, si nilifundishwa naye tangu utoto, nikanywa hilo. Matokeo ndiyo hayo. Kalamu nimeivunja, Fortunata. Sitaandika tena, hata aje nani mlangoni.

Miaka yote umeniomba kombe moja kwa ajili ya maonyesho yako, nami nikakujibu kombe si picha, kombe ni dawa, huandikwa ili linywewe. Sasa chukua. Tumbo langu halina mtu wa kumnywea.

Wako,
Naima

*

Mtanda, Lindi
2 Novemba 2024

Naima mpenzi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama palepale stendi, watu wananipita na mizigo. Pole haitoshi, lakini sina neno jingine. Nimekuwashia mshumaa kanisani. Najua utanicheka.

Sahani nimeifungua nyumbani, nikakaa chini. Nilimkumbuka mama yako likizo zile za shule nilizokuja kwenu, chumba kimejaa moshi wa ubani na udi, sisi tumekatazwa kukohoa, yeye anaandika bila kuinua macho. Nilipomuuliza anajuaje pa kupeleka mstari, alisema haandiki yeye, anaandikishwa. Namkumbuka pia shehe aliyemsema msikitini Ijumaa kwamba mwanamke haandiki kombe, halafu Jumamosi mke wake akaingia kwa mlango wa uani. Tulicheka mpaka mama yako, Bi Nusaiba, akatufukuza.

Maonyesho ni mwezi wa tano, Dar es Salaam. Ni ya wanawake wanaochora na kuandika yale wanayoletewa na wasioonekana. Yumo mama mmoja wa Kitomanga anayefinyanga sura za pepo zake kwa udongo. Mimi nitaweka sura zangu, zile zinazonijia nikiwa kati ya usingizi na macho, kama zilivyokuwa zikimjia bibi yangu Martina kule juu Umakondeni. Paroko amesema atakuja kuziona ndipo aamue kama anikemee. Na katikati ya ukuta, peke yake, itakaa sahani ya mama yako.

Usihofu juu ya kuiharibu. Ilipofika, zafarani ilikuwa imeanza kubanduka, nyingine imebaki kwenye kanga. Nimeipiga vanishi ile nzuri, mara mbili. Sasa hata uimwagie ndoo nzima ya maji haitoki nukta. Ulikuwa unaogopa kuufuta mkono wa mama yako, basi haufutiki tena.

Mimi herufi hizo sizijui, naziona kama mchoro tu, lakini kila nikiitazama naona kitu kipya. Na kuhusu kalamu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Akupendaye,
Fortunata

*

Tingi
23 Februari 2025

Fortunata,

Nina mimba.

Nimeificha mpaka kanga ikakataa kuficha. Mwezi wa nne naukaribia. Sikuitafuta, ilikuja yenyewe wakati nimeshakata tamaa, na sasa nalala nimejishika tumbo kama mtu aliyebeba mayai gizani.

Kliniki naenda. Nesi amenipa vidonge vya damu, amesema nisibebe ndoo wala nisiende shamba. Huku nyumbani mama mkwe ana uganga wake. Anasema jini la mama yangu limekosa kiti, mtu wa kumpanda, kwa hiyo linakula watoto mpaka nikubali kulirithi. Na asipolisema hilo anamtaja binti mmoja wa Somanga, mpole, wazazi wake watu wa swala tano. Nassibu anatazama miguu yake. Mimba hii ikienda, yule binti anakuja. Namjua mume wangu, hatamkatalia mama yake mara tatu.

Lakini hata asije mtu, mimi sitaweza tena. Nakwambia wewe tu. Nikizika cha tatu pale nyuma ya mkorosho, na mimi nichimbiwe.

Nirudishie sahani ya mama. Alisema ikikaribia mwezi wa tano, na mwezi wa tano ndio huo unakuja. Ulisema umeipaka vanishi. Wakati ule sikutilia maanani, kichwa changu kilikuwa kaburini. Itoe hiyo vanishi unitumie kwa Hussen. Utatafuta kitu kingine cha kuweka katikati ya ukuta, sivyo?

Fanya haraka, shoga.

Naima

*

Mtanda, Lindi
2 Machi 2025

Naima wangu,

Nimelia kwa furaha, kisha nikafika pale ulipoandika "itoe hiyo vanishi", nikakaa.

Haitoki kwa maji. Haitoki kwa sabuni. Nimeijaribu pembeni kwa maji ya moto, imekuwa safi zaidi, basi. Kinachoitoa ni thina, ile ya mafundi wa rangi, na thina ni sumu. Hata ikitoa vanishi itatoka na zafarani pamoja, na hicho kitakachobaki hakifai kuingia kinywani mwa mtu, seuze mwenye mimba. Nimemuuliza Leonadi, fundi wa samani hapa jirani. Amenitazama kama mwendawazimu. "Mwalimu, vanishi inywewe?"

Sikujua, Naima. Ulinipa kama mtu anayetoa nguo za marehemu.

Sasa nisikilize. Mama yako hakuacha sahani tu, alikuacha wewe. Wewe ndiye mkono wa Bi Nusaiba uliobaki. Zafarani ipo, marashi yapo, kalamu ni kipande cha mwanzi tu. Andika mwenyewe.

Na kliniki usikose hata siku moja.

Fortunata

*

Tingi
16 Machi 2025

Fortunata,

Mfungo huu sifungi, nesi amekataza, nakula mchana ndani kwa kujificha kama mwizi na barua yako iko chini ya mto. Nimeisoma mpaka imechakaa mikunjo.

Unaniambia niandike mwenyewe. Niliandika mwenyewe! Nilinywa la mkono wangu nikiwa na la mama kabatini, na mwanangu akatoka. Mkono huo ndio unataka niuelekeze kwa huyu aliyebaki? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka mwenyewe niko naye, ameota kwenye bega langu.

Tuma sahani hivyo hivyo. Nitaichemsha. Nitaikwangua kwa kisu. Nitailamba kama mbuzi anavyolamba chumvi, hainihusu vanishi wala thina. Wewe unaogopa sumu, mimi naogopa mwezi wa tano.

Au kuna jingine? Niambie ukweli. Mwezi wa tano wangu na mwezi wa tano wa maonyesho yako ni jirani sana. Labda ukuta wa Dar umeshapimwa, msumari umeshagongwa. Miaka yote uliililia sahani hiyo, ukaipata siku niliyokuwa nimeanguka. Wewe huna mtoto wala hukutaka, hujui mtu anavyosikiliza tumbo lake usiku na mchana.

Tuma.

Naima binti Nusaiba

*

Mtanda, Lindi
24 Machi 2025

Naima,

Sitatuma.

Nitukane unavyotaka. Sikupi kitu ambacho najua kitakudhuru wewe na huyo mtoto, hata uniite mwizi wa sahani maisha yangu yote. Maonyesho nimeyaandikia leo kwamba sahani haipo. Ukuta wao waweke saa.

Kwamba sijui mtu anavyosikiliza tumbo lake, ni kweli, sijui. Umenipiga mahali panapouma na ulijua.

Kuna jambo lazima nikuambie, maana nikikuficha nitapasuka. Juzi nilijaribu. Nilisema labda thina kidogo kwenye pamba, sehemu ndogo, nione kama vanishi itaachia peke yake. Nilichagua katikati, pale penye neno dogo lililozungushiwa duara, kwa kuwa wino wa pale ulionekana mzito kuliko pengine pote. Vanishi iliachia. Neno nalo likaja lote kwenye pamba. Pamebaki peupe, pana ukubwa wa kucha. Picha niliyoipiga mwanzo haisaidii, taa imeng'aa palepale.

Niliacha hapohapo. Mengine yote yapo. Lilikuwa neno gani, Naima? Ni kubwa?

Fortunata

*

Tingi
13 Aprili 2025

Fortunata,

Lilikuwa jina langu.

Hivyo ndivyo kombe linavyojua liende kwa nani. Huandikwa katikati jina la mnywaji na jina la mama yake, maana baba ni wa kuambiwa, mama ndiye anayejulikana. Mama aliandika Naima binti Nusaiba. Ya pembeni yote ni maneno ya Mungu, yangefaa kwa yeyote. Pale katikati ndipo nilipokuwa mimi, nawe umenifuta kwa pamba.

Damu imeanza tangu juzi. Si nyingi. Ile ya kwanza pia haikuwa nyingi mwanzoni. Nesi amesema nilale, miguu nipandishe kwenye mito, ikizidi twende hospitali ya Kivinje bila kusubiri kesho. Nakuandikia hivi hivi chali, ndiyo maana mistari inapanda.

Mama mkwe leo hakusema kitu. Ameketi mlangoni anachambua mchele uliokwisha chambuliwa. Afadhali angesema.

Wanasema la kuvunda halina ubani, nami naona nimeshavunda. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Tuma chochote kilichobaki. Kisicho na jina, kisicho na nini, tuma. Nakuomba kwa yale maji tuliyogawana kikombe kimoja bwenini. Sina tena maneno makali, yameisha.

N.

*

Mtanda, Lindi
18 Aprili 2025

Naima,

Imetoka! Leonadi amekumbuka njia ya wazee wa kazi yake, mafuta ya nazi ya moto na majivu, taratibu sana, bila thina kabisa. Nimekesha nayo. Vanishi yote imetoka na maandishi yamebaki, nimeinusa, nimeilamba mwenyewe pembeni, haina sumu. Ni ile ile ya mama yako. Ni ile ile.

Pale katikati pamebaki peupe kama nilivyokwambia. Sikuthubutu kuweka kitu.

Ninamkabidhi Hussen mkononi na nimemwapisha asiiweke chini. Oshea marashi unywe leo hii hii, usikae ukiitazama.

Leo ni Ijumaa Kuu. Nimeshinda sijala.

Fortunata

*

Mtanda, Lindi
11 Mei 2025

Naima,

Sijapata jibu. Hussen anasema alikukabidhi wewe mwenyewe, ulikuwa umelala, ukapokea kwa mikono miwili. Baada ya hapo daraja la huko Somanga likaondoka na mvua, basi lake likakwama upande wa Dar, nami sina mtu wa kumuuliza.

Nimepiga simu ya nyumbani kwenu. Nilisema, "Shikamoo mama, naomba kuongea na Naima." Spika ikanguruma, akaitika, "Marahaba. Naima hayupo." Nikauliza yuko wapi. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anavuta kamasi, simu ikakatika. Hayupo maana yake nini? Toka siku ile natembea na neno hilo.

Maonyesho yamefunguliwa jana. Sikwenda. Niliwaambia naumwa, na si uongo sana. Tangu niitume ile sahani hakuna sura iliyonijia. Nalala, naamka, katikati hakuna mtu. Nimeshika brashi jana mpaka rangi ikakaukia. Bibi Martina alikuwa akisema wale wanaokuja hawapendi kutumiwa kwa lisilo la kweli. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Umekunywa? Nijibu neno moja tu. Hata kama ni neno baya.

Fortunata

*

Wodi ya wazazi, Kivinje
9 Juni 2025

Shoga yangu Fortunata,

Mama mkwe hakukuficha kwa ubaya. Alikuwa analia, na hapendi mtu asikie, ndiyo maana alikata. Siku hiyo nilikuwa nimeletwa hapa hospitali kulazwa, na toka hapo sijatoka. Leo ndiyo mara ya kwanza naweza kuketi na kushika kalamu.

Nianze na sahani yako.

Nasema yako. Hussen aliponipa nilifungua kanga, nikaitazama mara moja tu, nikajua. Zafarani mama alikuwa akiipata ya zamani, imekaa mpaka imekuwa na weusi. Hiyo ilikuwa nyekundu ya dukani. Lakini si hilo. Wino hutua mzito pale kalamu inapoanzia, kisha unakwenda ukiwa mwembamba. Mama alianzia mkono wa kuume, kama wote tuandikao maandishi hayo. Kwenye sahani yako kila herufi ni nzito kushoto. Umeandika maneno yote ya Mungu kinyumenyume, shoga yangu, toka mkiani kwenda kichwani, na kila moja limefika sawasawa.

Nilitaka kuipiga ukutani. Nilisema huyu ameniua, halafu ameniletea mchoro wa sanda. Mkono ulikuwa umeshainuka.

Ndipo nikaona ule mstari wa chini, pale mama alipopatwa na kikohozi, kalamu ikateleza ikaacha mkia. Na wewe umeuweka ule mkia. Umenakili hata kikohozi cha mama. Nikaanza kuitazama upya, herufi kwa herufi, na wewe huijui hata moja. Hakuna nukta uliyoisahau. Sijui ulikaa muda gani. Mimi niliyezaliwa na kulelewa ndani ya wino huo nimekuwa nikiandika ovyo kuliko wewe, nawaza vyakula, nawaza Nassibu atarudi lini. Nikaelewa kwa nini ulishinda bila kula. Mashehe wakijua watasema, na paroko wako atasema. Waache waseme kwa zamu.

Na pale katikati uliacha wazi. Ulinidanganya mafuta ya nazi, ukanidanganya majivu, ukamsingizia Leonadi wa watu, lakini pale penye jina ulishindwa kutia uongo. Hapo ndipo hasira iliponitoka.

Nikamwita mama mkwe. Nikamwambia nataka zafarani. Nilingoja matusi. Akainuka akaenda kwa jirani, akarudi na zafarani kwenye kipande cha karatasi, na chupa ya marashi aliyoitoa kwenye sanduku lake mwenyewe, ya siku ya ndoa yake nadhani. Akanimiminia maji nitawadhe palepale kitandani. Kalamu sikuwa nayo, si niliivunja. Nilichomoa ukindu kwenye mkeka.

Nilianza kuandika Naima binti Nusaiba. Nikafika nusu ya nuni, herufi ya kwanza ya Nusaiba, nikasimama. Mama amekufa, Fortunata. Nilikuwa naliandika jina lake aje anidhamini kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule. Kwenye kombe la mama, na hata lile nililojiandikia mimba ya pili, niliandikwa mimi, binti wa fulani. Yule wa tumboni sikuwahi kumwandika hata siku moja. Niliogopa kumwita mtu ambaye huenda asije.

Nikafuta kwa kidole. Nikaandika: aliyemo tumboni mwa Naima.

Herufi zimekaa kama za mtoto anayeanza chuo cha Qurani. Mama mkwe akainama kutazama, naye kusoma anajua kidogo, akatamka polepole mpaka jina langu, kisha akatoka nje. Sikumwona tena mpaka magharibi. Niliosha, nikanywa. Ilikuwa chungu kidogo, zafarani umeizidisha, lakini ndiyo mara yako ya kwanza.

Damu haikukata siku ile. Sitakudanganya, wewe umeshanidanganya ya kututosha sote. Ilipungua, ikarudi, ndipo wakanileta huku. Nimelala hapa mwezi mzima natazama feni isiyozunguka. Mwezi wa tano ukapita. Ukapita wa sita. Kila asubuhi nilisema sio leo, na ikawa sio leo, mpaka Alhamisi ikawa leo.

Ni mtoto wa kike. Mdogo, Fortunata, mdogo mpaka nikaogopa kumtazama. Wamemfunga kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, wanasema joto langu ndilo linalomlea, kwa hiyo hata hii barua naiandika juu ya kichwa chake. Daktari hasemi ataishi. Anasema leo yupo, kesho tutaona. Wazee wanasema wa miezi saba huishi, na mama mkwe amelishika neno hilo anamwambia kila anayepita. Nassibu amekuja. Alimtazama, akajaribu kuongea, akaishia kuniuliza kama nimekula. Binti wa Somanga hatajwi.

Jina bado. Nikiona amefika arobaini nitampa. Kwa sasa lile aliloandikiwa linamtosha.

Ile sahani ya mama najua unayo. Umeificha wapi, uvunguni? Itoe, itundike ukutani kwako. Usiifiche kwa ajili yangu. Haina jina tena pale kati, basi akisimama mbele yake mwanamke yeyote mwenye haja, na ajione ni lake. Labda na zile sura zako zitarudi zikiona umeacha kujificha.

Sasa nakutuma. Kitanda cha pili yupo dada mmoja, Cecilia, Mkristo kama wewe, kwao juu huko upande wa Nachingwea. Mimba yake ni ya nne, mtoto hana. Aliniona natazama mkono wangu, akaniuliza kazi yangu nini. Niliufumba mkono, nikaufumbua. Kisha nikamwambia, naandika.

Nitumie kwa Hussen zafarani na sahani nyeupe. Bora uje nazo mwenyewe, mtoto huyu hanipi mkono hata mmoja, mimi nitakuelekeza, wewe utaandika. Na safari hii, shoga, anzia kuume.

Naima,
mama wa aliyepo